Huku wananilipa nipunguze mwanga, kwetu Unguja tunaumwaga ufukweni

Kazi yangu ni kubuni taa za nje. Nina karakana ndogo Eindhoven, kusini mwa Uholanzi, na pamoja na wenzangu tunatengeneza sanaa za mwanga za kuwekwa bustanini, kando ya mito na kwenye kuta za majengo ya zamani. Vifaa vyetu vingi vilikwishatumika na mtu mwingine, na umeme tunautumia kwa kuubania. Nilizaliwa Unguja na narudi mara kwa mara. Kila nikirudi naona jambo moja likizidi, nalo ndilo lililonikalisha chini kuandika: ufukwe wetu unamulikwa taa kali nyeupe usiku kucha, zikielekezwa baharini, wakati uleule ambao miji ya Ulaya inalipa watu kama mimi waipunguzie taa.

Eindhoven yenyewe ni mji uliokuzwa na taa. Mwaka 1891 Gerard Philips na baba yake Frederik walianzisha hapa kiwanda cha globu, na mji mdogo ukapanuka kukizunguka. Wenyeji wanauita mji wa nuru hadi leo. Majengo ya kiwanda kile, mtaa wa Strijp-S, sasa yana karakana nyingi za wabunifu, na tangu 2006 kila Novemba kuna tamasha la GLOW: watu kwa mamia ya maelfu wanazunguka mjini usiku na makoti yao, wanatazama taa. Mgeni akinitembelea nampeleka pia Nuenen, kijiji cha jirani alikoishi mchoraji Van Gogh kati ya 1883 na 1885, aione njia ya baiskeli aliyoibuni msanii wa Kiholanzi Daan Roosegaarde mwaka 2014. Vijiwe vya kung'aa kwa maelfu vimepangwa kwenye lami. Vinanyonya mwanga mchana na kuuachia usiku. Mwanga wake ni hafifu sana, na uhafifu huo ndio ulioipa njia ile sifa duniani.

Mji wa nuru, basi, una masharti makali kuhusu nuru. Nikiomba kutundika kazi kwenye miti ya kando ya mto Dommel, jambo la kwanza manispaa inalotaka kujua ni popo wanapita wapi. Anakuja mtaalamu wa wanyama jioni, anasimama pale na kifaa chake cha kusikilizia sauti zao, na mstari wanaopita popo hauguswi. Mikanda ya kufungia lazima iwe mipana ili isikate gome. Saa ya kuwasha na saa ya kuzima zinaandikwa kwenye kibali. Katika kijiji cha Zuidhoek-Nieuwkoop, tangu 2018, taa za barabarani ni nyekundu, kwa sababu jirani na kijiji kuna popo adimu ambao hawasumbuliwi sana na rangi hiyo. Ufaransa, tangu 2013, vioo vya maduka na kuta za majengo yasiyo makazi kwa kawaida havimulikwi baada ya saa saba usiku. Mwanzoni masharti haya yalinichosha. Leo nayatetea, na ningependa nione nusu yake tu kwenye fukwe zetu za Nungwi au Paje.

Sababu si ya mapambo. Taa nyeupe kali ina bluu nyingi ndani yake, na bluu ndiyo inayovuta wadudu wengi, inayotawanyika zaidi angani na inayoudanganya mwili wa binadamu kwamba bado ni mchana. Sisi tunatumia taa za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2200 kushuka chini, rangi ya mwali wa koroboi, na tunazifunika juu ili mwanga uangukie pale unapotakiwa tu. Taa tunayoiuza zaidi ni fupi, haifiki hata kiunoni. Mwili wake ni chuma cha pua, kivuli chake tunakifuma kwa nyavu za uvuvi zilizochakaa, na kila kiungo kinakazwa kwa skrubu. Gundi hairuhusiwi karakanani kwangu. Taa nyingi za LED za dukani zimegundishwa; kidude kimoja cha bei ndogo kikiungua ndani, taa nzima inakwenda jalalani. Yetu unaifungua kwa bisibisi moja, unabadilisha kilichoungua, unaifunga.

Hilo sikulisoma Ulaya. Nililiona kwa ami yangu, aliyekuwa akitengeneza redio na feni karibu na soko la Darajani, mjini Unguja. Meza yake ilijaa vipande alivyovitoa kwenye vitu vilivyokufa, amevipanga kwenye makopo ya maziwa, na mteja akileta redio aliifungua kwanza kabla hajataja bei. Amsterdam, mwaka 2009, walianzisha mkusanyiko wa watu kutengenezeana vitu vilivyoharibika, wakauita Repair Café, na wazo likaenea nchi nyingi. Ni jambo jema na mimi mwenyewe huenda kujitolea. Lakini nikikaa pale na mzee wa Kiholanzi aliyeleta kibaniko chake cha mkate, namkumbuka ami, ambaye hakuna aliyewahi kumwita mtetezi wa mazingira.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wa fani hii huku. Utunzaji wa mazingira Ulaya umekuwa suala la karatasi mno. Nimeona kazi kubwa za tamasha zikiletwa kwa malori, mbao mpya na nyaya mpya, zikasimama juma moja, zikabomolewa, na ripoti ikatoka safi kwa kuwa taa zilikuwa za LED na umeme ulikuwa wa upepo. Mteja anadai cheti cha kila boliti, ila hamuulizi mbunifu mbao zinakwenda wapi Jumatatu. Pwani yetu ina watu wanaojua jibu la swali hilo kwa mikono. Mwaka 2018 kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini FlipFlopi, dau lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, ubavu wake umefunikwa vipande vya kandambili vya kila rangi, na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja. Ufundi wa namna hiyo tunao. Tunaouhitaji ni mteja anayeuthamini.

Na kuhusu wateja niseme wazi kilichonifanya nibaki huku. Uholanzi natuma ankara, nalipwa kwa tarehe. Kuna bima, kuna mkataba, mtu akiharibu kazi yangu kuna pa kwenda. Nyumbani niliwahi kuagizwa taa za bustani na mwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki. Nilimchorea vivuli vya ukindu na glasi za chupa zilizotoka jikoni kwake mwenyewe, taa zote ziko chini, hakuna hata moja inayotazama bahari. Aliitazama michoro muda mrefu, akaniambia, "Ndugu yangu, kazi nzuri, lakini mgeni akitoka chumbani akakuta giza hivi, atasema hapa pa kimasikini." Akanunua mataa makubwa meupe ya kumulika uwanja. Malipo ya michoro bado nayasubiri.

Kauli yake naielewa, na sitaki kuipuuza. Sisi tunalijua giza. Desemba 2009 waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika, Unguja ilikaa bila umeme mpaka Machi 2010. Mwaka mmoja na nusu kabla yake tulikuwa tumekaa karibu mwezi mzima hivyohivyo. Pampu zilisimama, maji yakawa ya kubebwa kichwani, Darajani ukipita ni moshi na kelele za majenereta. Shangazi yangu alikuwa mkunga. Alizalisha kwa tochi ya simu iliyoshikwa na ndugu wa mzazi, na ndugu mwenyewe mkono unamtetemeka. Waya mpya wa megawati 100 ulipofika mwaka 2013, kwa fedha za Marekani, watu walishukuru kwa moyo wote, na haki yao. Mtu wa Ulaya akiniambia kwamba Afrika ibaki na giza lake zuri kwa ajili ya kutazama nyota, tunagombana hapohapo. Taa ya kwanza ni ya chumba cha kujifungulia, ya pili ni ya mtoto anayesoma, ya tatu ni ya njia anayopita mama akitoka sokoni. Hizo sizijadili.

Ninayoijadili ni taa inayomulika maji yasiyo na mtu saa nane za usiku.

Kasa hutaga mchangani, na makinda yao yakianguliwa usiku hukimbilia upande wenye mwanga zaidi. Tangu enzi na enzi upande huo ni bahari, ambayo huakisi nyota na mwezi. Ukiweka mataa nyuma ya ufukwe, makinda yanageuka, yanapanda kuelekea hotelini, na asubuhi utayakuta yamekufa kwa jua au yameliwa na kaa na kunguru. Kasa wanataga Mnemba, wanataga Juani kule Mafia, wanataga Watamu upande wa Kenya. Hoteli hizohizo zinawauzia wageni safari za kwenda kuwaona kasa. Na dawa yake ni rahisi mno: taa ya rangi ya kahawia-njano, iliyoshushwa chini, iliyofunikwa upande wa bahari. Haigharimu kuliko hayo mataa meupe.

Kisha kuna wavuvi wa dagaa. Zamani walitoka na karabai, sasa wana taa za LED na betri, lakini utaratibu ni uleule: wanatoka siku za giza, mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, kwa sababu taa yao haivuti samaki pakiwa na mwanga mwingine. Mvuvi mmoja wa kaskazini aliniambia siku hizi wanasogea mbali zaidi na pwani kuliko walivyozoea, na mafuta ya mashine hayateremki bei. Huyu naye ni mfanyabiashara wa usiku kama mwenye hoteli, ila hakuna aliyemuuliza kabla ya kufunga mataa yale.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi tuna kila kitu ambacho kazi yangu inakihitaji na huku sina. Desemba Eindhoven jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, tena nyuma ya mawingu. Paneli ya sola haitoi hata robo ya umeme inaotoa Juni. Taa ya sola ya majira ya baridi hapa ni ya kubahatisha, ndiyo maana kazi zetu nyingi za Novemba tunaziunga kwenye gridi. Unguja iko digrii sita kusini ya ikweta, mchana na usiku karibu sawa mwaka mzima, na hata masika jua halikosekani kabisa. Adui wa kule ni chumvi na joto. Chumvi inakula viungo vya waya ndani ya msimu mmoja usipoviziba, na betri ikikaa juani inakufa mapema, kwa hiyo unaizika kivulini na kuiachia tundu la hewa. Mafundi wa kuyasimamia haya wapo. Kinyasini kuna chuo cha Barefoot College kinachofundisha kinamama wa vijijini, wengine hawakumaliza skuli, kuunda na kutengeneza mitambo ya sola. Wanarudi kwao wanawasha vijiji. Kwa nini hoteli iagize taa iliyogundishwa kutoka mbali wakati mama wa Pemba anaweza kuitengeneza ya skrubu?

Ningekuwa na sauti katika vikao vya nyumbani ningeanzia Mji Mkongwe, kwa kuwa pale tayari kuna mamlaka ya hifadhi na watu wamezoea kuomba ruhusa kabla ya kubadili hata mlango. Beit al-Ajaib, jumba la sultani lililojengwa 1883, lilikuwa jengo la kwanza mjini kuwa na taa za umeme. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Siku litakaposimama tena, mtu atakaa mezani na kuamua limulikwe vipi, na naomba asilete taa za kumulika kutoka chini kwenda angani. Zile baraza zake ndefu ziwashwe kwa ndani, kwa mwanga mdogo wa joto, nguzo zionekane kwa vivuli vyake. Kutoka bustani ya Forodhani utaliona vizuri kuliko likipigwa mwanga wa uwanja wa mpira.

Mwaka huu nimeanza na kitu kidogo, taa za diko moja la kaskazini, mahali samaki wanaposhushwa alfajiri. Nilikwenda na mchoro wangu, nguzo za juu juu kidogo, nikidhani wanataka kuonana nyuso. Kinamama wanaonunua kwa kuchuuza wakaniambia, "Mwanangu, iteremshe. Sisi tunataka kuona mashavu ya samaki kama bado mekundu." Kwa kazi hiyo rangi ya koroboi haifai, kila samaki ataonekana mwekundu, kwa hiyo juu ya meza tumeweka mwanga mweupe mdogo unaoangukia mezani tu, una kitufe, na unazimwa samaki wakiisha. Njia ya kupandia kutoka majini ina taa za kahawia-njano, zimefunikwa upande wa bahari. Vivuli vimefumwa palepale kwa nyavu mbovu za diko lenyewe.

Michoro ya taa zote mbili, pamoja na orodha ya vifaa vinavyopatikana Darajani, natoa bure kwa fundi yeyote wa Unguja, Pemba, Mafia au Lamu anayetaka kuziunda na kuziuza. Mwenye hoteli anayesoma hapa namwomba kitu kimoja cha kuanzia: usiku wa leo, wageni wakishalala, azime mataa yanayotazama bahari, awache ya njiani.