Nilitafuta Kifaru, Nikakuta Malkia

Naandika mbiombio kabla ile sauti ya dakika nne haijamfikia mama mkwe. Wengi wenu mmeshaisikia, najua, maana tangu juzi usiku simu yangu inaita, napokea, mtu haongei. Anacheka, anakata. Aliyerekodi ni jirani yangu wa Kinondoni. Jina namsitiri, japo yeye kanivua nguo mchana kweupe. Anasema nimeiba hela za mwongoza watalii Zanzibar. Sikuiba. Nilidai chenji. Tulieni niwaeleze.

Mimi na huyo Jirani tulivuka na boti kwenda Zanzibar kwa ajili ya posa ya shemeji yake, Mwanakwerekwe kule. Posa ikaisha salama, tukabaki na Jumamosi nzima mikononi. Nikasema twende Mji Mkongwe, tusije tukarudi Dar na harufu ya biriani tu.

Pale mbele ya Ngome Kongwe akatufuata mama mmoja, kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii kinaning'inia kifuani, maneno yamepangika. Matembezi ya mjini, dola 20 kwa kichwa, watu wachache, muda wa saa mbili na ushee, na kiingilio cha Mkunazini, kwenye soko la zamani la watumwa, kimo humohumo. Nikacheka kicheko cha mtu mwenye mji. "Dada'ngu, mimi nilipe kuoneshwa nchi yangu mwenyewe?" Akaniangalia kwa upole, akasema, "Haya kaka, karibu Zanzibar," akaenda zake. Ule upole ningeuelewa mapema, nisingekuwa naandika hapa.

Jirani akaingia kwenye simu akapata matembezi ya bure. Unajiandikisha jina, unafika saa kumi jioni, mwishoni unampa mwongozaji chochote *ukipenda*. Hilo neno nililisoma vizuri. Nikajiuliza, napenda? Nikajijibu, sipendi. Hesabu ikafungwa.

Tukakuta wazungu tisa. Mwongozaji ni kijana wa Kizanzibari, kofia ya kiua, sauti ya chini. Akatutazama mimi na Jirani. "Na nyinyi mmejiandikisha, kaka'ngu?" Nikamjibu ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyelipa. Akaandika kwenye simu yake: kumi na mmoja. Ishikeni hiyo kumi na moja, tutarudi.

Mnanijua. Nikikaa kimya mahali ujue naumwa. Kijana akasimama mbele ya Beit-al-Ajaib, pale lilipozungushiwa uzio tangu sehemu yake iporomoke Desemba 2020, akasema jumba hili alilijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Mimi nyuma: "1833!" Kwa sauti. Wazungu wakageuka. Kijana akasema taratibu kwamba 1833 Barghash hata hajazaliwa. Nikaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyekuwa anampima mwanafunzi.

Kwenye milango nikahamia kwa babu mmoja wa Kiingereza, mwenye soksi ndefu, nikamfanya mwanafunzi wangu binafsi. Kijana anaeleza kwamba mlango wenye upinde juu ni wa Kihindi, wa Kiarabu una kizingiti kilichonyooka, na zile njumu za shaba asili yake ni India, kuwazuia tembo wa vita wasisukume mlango. Mimi naye pembeni namrudishia babu yaleyale, naongeza chumvi yangu. Tulipofika Jaws Corner, wazee wako kwenye kahawa na bao, kuna simu imetundikwa na kibao kinachosema unapiga nje ya nchi bure. Haina waya wowote. Nikamkonyeza babu, nikamwambia, "Vya bure ndivyo vilivyo." Babu akacheka sana. Kumbukeni basi kwamba mimi na babu tulikuwa marafiki.

Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa, kijana akaongea maneno machache, hakuna aliyetania, hata mimi. Halafu akasema anayetaka kuingia ndani kwenye maonesho na kanisani anakata tiketi yake mwenyewe, matembezi ya bure yanaishia mlangoni. Tisa wakaingia. Mimi nikasema nimeshaingia mara nyingi. Sijawahi kuingia. Tukakaa nje na Jirani tunatafuna kashata.

Jua linaelekea kuzama tukamalizia Forodhani, wapishi wanapanga mishikaki, wale vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani wako kwenye foleni yao. Kijana akashukuru, akasema yeye halipwi na mtu, akanyamaza. Akaangalia bahari. Hakuomba! Angeomba ningekasirika, ningepata sababu ya kuondoka. Badala yake ajuza mmoja wa Kijerumani akavua kofia yake ya pama, akatia kitu, akaanza kuipitisha kama mzee wa kanisa.

Sasa twendeni polepole.

Mfukoni nina msimbazi mmoja. Noti moja ya elfu kumi, basi. Ndiyo urojo, ndiyo daladala ya kurudi Mwanakwerekwe, ndiyo heshima yangu yote. Kofia inakuja. Kila mtu anatia. Babu wa soksi katia noti imekunjwa mara mbili. Nikamtazama Jirani, Jirani akainama kufunga kamba za viatu. Amevaa kandambili.

Nikapiga hesabu: nikitoa buku tano nimeonekana muungwana, na buku tano inanirudisha nyumbani. Nyie mliokulia kanisani mnajua, unaweka elfu kumi kwenye kapu la sadaka, unachukua zako tano, Mungu anaona na hakuna anayeshtuka. Konda wa daladala unampa kubwa anakurudishia. Mimi ndiko nilikolelewa.

Kofia ikanifikia. Nikaukunjua msimbazi wangu, nikaunyoosha ili tembo aonekane, nikauweka juu ya zote. Ajuza akatabasamu. Akataka kuendelea mbele. Nikaishika kofia ukingoni.

"Chenji," nikasema.

Ajuza hakuelewa. Nikaingiza mkono. Naona dola, naona dola, kisha chini kabisa naona zambarau. Ninyi nyote mnaijua zambarau ya noti ya elfu tano, ile yenye kifaru. Nikajua kijana aliweka ya kwake kuchokoza bahati, kama muuza kahawa anavyoanza na sarafu yake. Nikaibana kwa vidole viwili, nikaivuta. Ikateleza. Nikajisemea, mbona inateleza kama plastiki? Hapo mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikaongeza kidole cha tatu.

Babu akasema, kwa adabu kabisa, "Samahani, nadhani hiyo ni ya kwangu."

Nami nikamjibu, Mungu nisamehe, "Hapana, mzee. Hii ni chenji yangu." Na nikavuta.

Babu akashika upande wa pili. Hakuvuta, alishika tu, kama unavyomshikia mtoto kisu. Noti ikakunjuka katikati yetu. Nikainama kumtafuta kifaru. Kifaru hayupo. Yupo mama mtu mzima, ana taji, ananitazama mimi binafsi. Malkia Elizabeth. Pauni 20. Zaidi ya elfu sitini za kwetu, nimezikamata kwa vidole vitatu nikidai nirudishiwe buku tano.

Kimya. Mishikaki ikawa inaungua hakuna anayegeuza. Kijana mmoja alikuwa ameshaanza kukimbia ajirushe baharini, naapa, akafunga breki ukingoni ageuke aone. Mama wa miwa akaacha kukamua. Na mwongozaji, kwa ile sauti yake ya chini, akaniambia kwa Kiswahili ili wageni wasielewe: "Kaka'ngu, hio si kifaru. Hio Malkia."

Wageni hawakuelewa, ila Forodhani nzima ilielewa. Jirani alikaa chini kabisa. Ile sauti mnayoisikia mwanzoni mwa rekodi, kama mbuzi, ni yeye.

Mengine sitaki kuyakumbuka. Niliachia noti, nikaomba msamaha kwa lugha mbili, babu akanipigapiga begani, akaniuliza kama nahitaji nauli. Kijana akautoa msimbazi wangu kwenye kofia akanirudishia mkononi. Nikakataa, akasema chukua. Ndipo nikamuuliza, ili tu tuongee kitu kingine, hii kazi inamlipaje. Akaniambia mtandao uliomletea wageni unamkata yeye hela kwa kila kichwa kilichofika. Aliyetoa na asiyetoa, wote vichwa. Nikaikumbuka ile kumi na moja. Vichwa viwili vyetu, mimi na huyu wa kandambili, kijana wa watu atavilipia.

Sikulala. Alfajiri nikampigia mke wangu anitumie hela, nikamwambia ni ya dawa. (Mama watoto, ukisoma hapa, ilikuwa dawa kwa namna yake.) Nikapiga namba ya kampuni ya matembezi ya kulipia, nikaagiza nafasi mbili, dola 40, na kiingilio cha Mkunazini ndani yake. Wakasema saa tatu asubuhi, Ngome Kongwe, mwongozaji atakuwa na kitambulisho.

Tukafika. Kitambulisho nilikiona kwa mbali. Kofia ya kiua nikaiona kwa karibu.

Asubuhi huwa anafanya za kulipia.

Nikampa noti zangu. Akazihesabu bila haraka, akazikunja, akaniangalia.

"Leo kaka'ngu ukitaka chenji, n'nayo."