De La Soul na albamu tuliyonyimwa kwa miaka

Sijui albamu ya kwanza ya kundi la hip-hop iliyotendewa vibaya kuliko 3 Feet High and Rising ya De La Soul. Ilitoka mwaka 1989, ikasifiwa kila kona, wasanii wengi wakafuata njia iliyofungua, halafu muziki ulipohamia kwenye intaneti ikaachwa nje. Ukiitafuta iTunes, haikuwepo. Spotify, haikuwepo. Iliingia huko rasmi tarehe 3 Machi 2023. Kijana aliyezaliwa mwaka 2000 amekua akisikiliza watoto na wajukuu wa albamu hii bila kumjua mzazi wao, na jambo hilo linaniuma kweli.

Walioitengeneza walikuwa vijana watatu kutoka Amityville, Long Island, nje kidogo ya jiji la New York: Kelvin Mercer, maarufu kama Posdnuos, David Jolicoeur aliyejiita Trugoy the Dove, na DJ wao Vincent Mason, yaani Maseo. Prodyuza wao, Prince Paul wa kundi la Stetsasonic, alitokea hukohuko Amityville. Kampuni iliyowasaini ni Tommy Boy.

Ukumbuke hip-hop ilikuwa wapi wakati huo. Mwaka mmoja nyuma kundi la Public Enemy lilikuwa limetoa albamu inayolia kama king'ora, na kundi la N.W.A lilikuwa limeuonyesha ulimwengu hasira ya Compton, mji wao huko California. Kazi zote mbili nazipenda. Lakini ilishaanza kuzoeleka kwamba rapa lazima anune, avae cheni nene ya dhahabu na aongee kama anakutafuta ugomvi. Mara wanatokea hawa watatu, kava la albamu ni la njano kali lenye maua, mashati yana rangi rangi, na mistari yao imejaa mafumbo na utani wa shuleni. Kwenye video ya Me Myself and I wao ni wanafunzi katika shule ya kufundisha urapa, wanachekwa na darasa zima kwa sababu hawavai kama wenzao. Wimbo huo ukaenda hadi namba moja kwenye chati ya Billboard ya muziki wa Weusi. Tangu hapo mtoto mpole, msomaji, mwenye mambo yake ya ajabu ajabu, alijua kwamba naye anaweza kushika maiki. A Tribe Called Quest, waliokuwa nao katika Native Tongues, familia ya wasanii wa hip-hop marafiki, pamoja na Jungle Brothers na Queen Latifah, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka uliofuata, na mlango walioukuta tayari ulikuwa wazi.

Ila utajiri wenyewe uko kwenye biti. Chukua Eye Know. Sauti ya kiitikio imekatwa kutoka kwenye wimbo Peg wa Steely Dan, bendi ya wanamuziki waliokuwa wakirudia kurekodi mpaka kila noti ikae sawa. Mluzi unaousikia ni wa Otis Redding, kutoka kwenye Dock of the Bay, wimbo aliourekodi siku chache kabla ya ajali ya ndege iliyomuua Desemba 1967. Hawa watu hawakuwahi kukutana studio. Mmoja ni soul ya Kusini mwa Marekani, wengine ni jazz iliyopigwa pasi ya rock. Prince Paul na vijana wake wanawakutanisha, na unachokisikia ni wimbo wa mapenzi mtamu, mwepesi, ambao hauna harufu ya kuungwaungwa. Sikiliza jinsi mluzi unavyoingia pale mashairi yanapopumua. Mtu mvivu asingeuweka hapo.

Nasema hivi kwa sababu bado kuna watu wanaoona sampo, yaani kipande kilichokatwa kutoka rekodi ya mtu mwingine, kuwa njia ya mkato ya asiyejua kupiga chombo. Kwenye albamu hii kuna Funkadelic, kuna Hall & Oates, kuna wimbo wa vipindi vya watoto vya kufundisha hesabu, na hata jina la albamu limetokana na wimbo wa Johnny Cash. Kujua kwamba vitu hivyo vinaweza kukaa pamoja kunahitaji sikio ambalo wapiga gitaa wengi hawana.

Kati ya nyimbo kuna mchezo wa kuigiza wa chemsha bongo ya televisheni, ambapo washiriki wanaulizwa mambo kama gari la Batman limepata pancha mara ngapi. Michezo ya aina hii baadaye ikawa desturi kwenye albamu za rap, mara nyingi ikiwa mirefu kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye kilichoharibu mambo. Kuna kipande kifupi, kama dakika moja tu, kinaitwa Transmitting Live from Mars. Ni sauti ya somo la Kifaransa juu ya muziki uliopunguzwa kasi wa The Turtles, bendi ya miaka ya sitini. Ruhusa haikuwa imepatikana. The Turtles wakashtaki, na kesi ikamalizwa nje ya mahakama kwa malipo. Mwaka 1991 jaji wa New York akatoa hukumu dhidi ya rapa Biz Markie katika kesi nyingine ya sampo, na akaianza hukumu yake kwa amri ya Biblia inayokataza wizi. Kuanzia hapo kila kipande kikawa na mwanasheria wake. Kuunganisha vipande makumi kwa makumi katika albamu moja kukawa anasa ya wenye pesa, na maprodyuza wengi wakaishia kuchukua kipande kimoja na kukizungusha wimbo mzima.

De La Soul waliumia mara ya pili. Mikataba ya sampo zao iliandikwa wakati wa santuri na kaseti, haikutaja kitu kama kupakua au kustrimu. Mwaka 2014, siku ya wapendanao, walichoka wakawapa mashabiki kazi zao za zamani bure kwa saa 25. Mwaka 2019 walipoelekea kuingia mitandaoni waligoma, wakilalamikia mgawo mdogo ambao wangebaki nao. Njia ilifunguka tu baada ya kampuni ya muziki ya Reservoir kuinunua Tommy Boy mwaka 2021. Trugoy alifariki tarehe 12 Februari 2023, wiki tatu kasoro kabla albamu haijaingia mitandaoni.

Simtetei anayechukua jasho la mwenzake bila kulipa. Familia ya Otis Redding inastahili hela yake, na The Turtles pia. Lakini sheria ya Marekani ina utaratibu wa tangu 1909: wimbo ukishatolewa, mtu yeyote anaweza kuurekodi upya bila kumwomba mtunzi, mradi analipa kiwango kilichowekwa. Kwa nini sampo isiwe na kiwango chake, kinachopimwa kwa urefu wa kipande na idadi ya nakala? Mwenye kazi angelipwa kila mara, hata na msanii mchanga asiye na wakili. Leo mwenye kazi anaweza kukataa tu, au kutaja bei ya kukomoa, na pande zote mbili zinakosa.

Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka albamu hii kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa milele. Kwa miaka zaidi ya kumi baada ya heshima hiyo, mwananchi wa kawaida hakuwa na pa kuinunua kihalali mtandaoni. Heshima ya namna hiyo mimi siielewi.

Kama hujaisikia, ianze mwanzo, usiruke ile chemsha bongo, na uisikilize kwa spika nzuri kwa sababu besi zake simu inazila. Ukimaliza ingia De La Soul Is Dead ya 1991, yenye kava la chungu cha maua kilichoanguka na kuvunjika. Walikuwa wamechoka kuitwa mahipi, wale vijana wa maua na amani wa miaka ya sitini, na mistari ilishakuwa mikali zaidi. Na kwa kuwa baadhi ya vipande kwenye toleo la mitandaoni vimepigwa upya, mwenye kaseti au santuri ya zamani asiitupe.