Fundi ndege wa kidato cha nne: Mwanza inaweza?

Mkondo wa amali ulipoanza sekondari mwaka 2024, swali moja lilinijia ambalo bado sijalimaliza: kama shule ya serikali inaweza kumfundisha mtoto uashi na umeme wa majumbani, kwa nini isimfundishe kutengeneza ndege?

Wenzetu wanafanya. Queens, New York, ipo Aviation High School, shule ya umma kabisa. Vijana wanasoma hesabu na historia kama wengine, kisha wanaingia kwenye hanga la shule, yaani banda la ndege, kufungua injini. Kwa miaka minne kijana anaweza kupata cheti kimoja kati ya viwili vya fundi ndege wa Marekani, cha bodi au cha injini. Anayetaka vyote huongeza mwaka wa tano.

Wanaotaka shule ya namna hiyo hapa Mwanza hawaoti. Anga la ziwa hili ni la ndege za mapangaboi: Caravan, ATR, Q400. Injini zake zote ni za Pratt & Whitney Canada, na anayeielewa moja haanzi sifuri kwenye nyingine. Bwiru Wavulana, shule ya ufundi ya miaka mingi, iko Ilemela, wilaya ile ile yenye uwanja wa ndege.

Lakini hoja yao nzito, ambayo wao wenyewe huisahau, ni umri. Nenda gereji yoyote Nyakato: nati inakazwa “mpaka ikubali”, na bolti ikibaki baada ya kazi inatupwa kwenye kopo, siku itapata kazi. Hangani kila nati ina namba yake kitabuni, na spana ya kipimo hulia “klik” namba ikifika. Kisha bolti hufungwa kwa waya uliosokotwa, ukivuta upande wa kukaza. Ukipitishwa kinyume, waya huo huo unaisaidia bolti kulegea. Droo ya vifaa ina sponji iliyochongwa umbo la kila spana. Umbo moja likibaki tupu jioni, ndege hairuki hadi spana ionekane. Tabia hiyo humwingia mtoto wa miaka 15 kuliko mtu wa 25 aliyekwisha zoea kopo.

Kuna hoja moja ya upande huu ninayoikataa. Airbus A220 za Air Tanzania ziliposimama mwaka 2022, walisikika waliosema ni uhaba wa mafundi. Sivyo. Tatizo lilikuwa la injini zenyewe na foleni ya matengenezo yake duniani. Hata mashirika ya nchi tajiri yalipaki ndege.

Upande wa pili, wa wanaoipinga shule hiyo, huanza na lugha ya Kiingereza, na hapo hawanishawishi. Vitabu vingi vya matengenezo huandikwa kwa Kiingereza kilichopunguzwa makusudi, chenye maneno ya kawaida yasiyofika elfu moja, sentensi fupi, neno moja maana moja. Kimetengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi. Gharama ni hoja ya kweli, ingawa ndege iliyostaafu inafaa kufundishia hata kama haitaruka tena.

Penye mfupa ni leseni. Kwa viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, leseni haitolewi chini ya miaka 18, na mwombaji awe na uzoefu wa miaka minne, au miwili kama amepita mafunzo yaliyoidhinishwa. Kijana wa kidato cha nne ana 16 au 17. Cheti chake hakimpi ruhusa ya kutia saini kwamba ndege iko salama, na saini hiyo ndiyo inayolipwa. Lazima hanga fulani limpokee, limpe kazi, lijaze daftari lake la uzoefu. New York wana viwanja vya ndege vya JFK na LaGuardia, na ng'ambo ya mto kuna Newark. Mwanza ni makao ya shirika la ndege la Auric Air, sawa, lakini shirika hilo haliwezi kumeza darasa la vijana 40 kila mwaka. Wengine wataishia kurudi kwenye gereji ya kopo.

Kwa hiyo mimi nasema shule ianze, ila ihesabu kutoka mwisho. Kwanza mikataba na mahanga, ya hapa na ya Dar es Salaam. Kisha njia ya kuendelea Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo. Darasa liwe la mwisho. Sekondari ifundishe bati na ribiti, umeme, michoro na nidhamu ya droo, isiahidi leseni. Mahanga yakisema yana nafasi 12, wachukuliwe 12. Yakisema nne, wanne. Najua idadi hiyo haitanoga kwenye hotuba ya mgeni rasmi.