Mkataba wa Genk na posho ya Mbagala

Watu wengi nyumbani Tanzania wakisimulia safari ya mshambuliaji Mbwana Samatta huanzia hapa Genk, Ubelgiji, Januari 2016, halafu wanaruka moja kwa moja hadi Aston Villa. Mimi naishi Genk, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo, nimemsikia kijana wetu akiimbwa na uwanja mzima wa Wabelgiji, na bado nasema simulizi hiyo inaanzia katikati. Ughaibuni wa kwanza wa Samatta ulikuwa Lubumbashi, Kongo. Alitoka Mbagala, akapita African Lyon, akacheza Simba kwa muda mfupi, na baada ya Simba kukutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2011, Wakongo wakamchukua. Akakaa kule karibu miaka mitano, kwenye mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani na hakuna theluji ya kumtisha mtu. Kwa hiyo wanaosema Ulaya ndiyo iliyomtengeneza waniambie ni Ulaya gani hiyo.

Kilichomtengeneza ni ajira ya kweli. Mazembe ya tajiri Moïse Katumbi ilikuwa na uwanja wake pale Kamalondo, ilikuwa na fedha, na ilikusanya watu kutoka nchi mbalimbali: Kalaba wa Zambia, Asante wa Ghana, Assalé wa Ivory Coast. Mshambuliaji wa Kitanzania alipangwa akiwa mwajiriwa anayeshindania namba na waajiriwa wenzake, wala hakuna aliyemjua babu yake. Mwaka 2015 walichukua Ligi ya Mabingwa, Samatta akafunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger na kumaliza kileleni mwa wafungaji kwa mabao 7. Mwezi wa kwanza uliofuata akatangazwa kule Abuja kuwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza ndani ya bara. Genk walisajili mtu aliyekwisha kamilika, mwenye miaka 23.

Na Genk ulikuwa mji wa kumfaa. Huu ni mji uliojengwa juu ya makaa ya mawe. Wataliano walikuja kuchimba, Wagiriki wakaja, Waturuki na Wamoroko wakafuata, na wajukuu wao ndio majirani zangu leo. Hata klabu yenyewe ilizaliwa mwaka 1988 kwa kuunganisha timu mbili za migodini, Waterschei na Winterslag, wakati mashimo yenyewe yanafungwa. Mtu wa hapa akimwona mgeni hashangai, anasubiri kuona anafanya kazi vipi. Nakumbuka miaka ile wenzangu kazini walivyomsifu Samatta: walianza na jinsi anavyowakimbiza mabeki wakiwa na mpira, mabao wakayataja baadaye. Novemba 2017 aliumia goti, akakaa nje, akatibiwa, akarudi. Msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 kwenye ligi, Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji, naye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo mwenye asili ya Afrika.

Hapo kwenye goti naomba nisimame kidogo, kwa sababu ndipo tofauti ya huku na nyumbani inaponiuma.

Mtoto wa shangazi yangu alikuwa beki wa kushoto wa timu moja ya madaraja ya chini nyumbani. Sitaitaja. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao watu walikuwa wanatoka kazini mapema kwenda kuutazama. Siku alipogongwa goti alitolewa uwanjani mabegani mwa wenzake, akapakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na kiongozi mmoja wa timu, akapelekwa hospitali. Kiongozi akamwachia nauli ya kurudia. Kuanzia hapo ikawa barafu na kuchuliwa, akiambiwa avumilie, timu inasubiri fedha za mfadhili. Kipimo cha goti alikuja kukipata kwa mchango wa kundi la WhatsApp la ukoo, miezi mingi baadaye, wakati paja limekwisha kuwa jembamba. Nilipomwomba anisomee mkataba wake unasemaje kuhusu matibabu, akasema hana. Alisaini karatasi moja, na karatasi hiyo alikuwa nayo katibu. Fedha aliyokuwa akilipwa iliitwa posho, ilitoka kwenye bahasha baada ya mechi, na unene wa bahasha ulitegemea matokeo.

Sasa linganisha na hiki. Jirani yangu Mmoroko ana mtoto wa miaka tisa anayecheza kwenye timu ya mtaa, timu ya kawaida kabisa, yenye kantini inayoendeshwa na akina mama wa kujitolea na nyasi zenye mabaka. Jumatano moja nilimpeleka mimi. Mvua ilikuwa inanyesha, kocha amevaa kofia, ana orodha yenye majina yote kwenye mfuko wa plastiki usilowe, anatia alama aliyefika na asiyefika. Mtoto amesajiliwa kwenye shirikisho la mpira kwa namba yake. Ada ya mwaka inayolipwa na mzazi imebeba ndani yake bima ya kuumia uwanjani. Kwenye lile kundi huenda hakuna hata mmoja atakayecheza ligi kuu, na kila mtu pale anajua hivyo. Wanaandikwa tu. Wa miaka tisa anaandikwa, wa miaka kumi anaandikwa, mwaka hadi mwaka.

Uandishi huo ni fedha, na hili nataka kila kocha wa mtaani alielewe. FIFA ina utaratibu wa mchango wa mshikamano: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawiwa kwa klabu zote zilizomlea tangu alipotimiza miaka 12 hadi mwaka wa 23. Chukua mfano wa uhamisho wa euro milioni 10. Fungu la kugawana ni euro 500,000. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una euro 25,000, na kila msimu wa 16 hadi 23 una euro 50,000. Timu ya mchangani iliyomlea mtoto misimu minne ya mwanzo ingepata euro 100,000, fedha ya kununua kiwanja na kukizungushia uzio. Na inalipwa kila anapouzwa tena kwa masharti hayo hayo. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya malipo hayo pale Paris, inayofuatilia historia ya usajili wa mchezaji na kugawa mafungu. Lakini inafuatilia kilichosajiliwa. Miaka mitatu ya kocha wa Mbagala aliyekuwa akinunua mipira kwa mshahara wake haionekani popote, kwa hiyo kwa mujibu wa mfumo haikuwahi kutokea. Tukiongeza na ule mchezo wa kupunguza umri, mtoto ana umri wa cheti na umri wa mpira, tunakuwa tumeifuta wenyewe hata ile historia kidogo iliyopo.

Nirudi kwa Samatta, maana kuna jambo la Aston Villa ambalo wengi nyumbani hawakulitendea haki. Alifika Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Akafunga dhidi ya Bournemouth, kisha tarehe 1 Machi akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Tulijaa kwenye kurasa za Villa kwa shangwe. Siku chache baadaye ligi ikasimama kwa sababu ya korona, iliporudi mabao hayakurudi, Septemba timu ikanunua mshambuliaji mwingine na yeye akaenda Fenerbahçe ya Uturuki. Basi, shangwe ikageuka matusi, kwa klabu na kwake pia. Amefeli. Ameshuka. Mpaka leo nasoma maneno hayo.

Sisi tunaofanya kazi nje tunaiona habari hiyo kwa jicho jingine. Mwajiri alikuwa na shida ya mshambuliaji, akaajiri, hali ikabadilika, mfanyakazi akapata kazi kwingine. Mimi mwenyewe nimeshabadilisha maghala na hakuna aliyeandika msiba. Baada ya Uturuki Samatta alikuja Antwerp kwa mkopo, akarudi Genk kwa mkopo, akaenda PAOK na kuwa bingwa wa Ugiriki mwaka 2024, na 2025 akahamia Le Havre ya Ufaransa. Mtu mwenye zaidi ya miaka 30 bado anasajiliwa kwenye ligi kubwa, halafu kuna aliyekaa kijiweni anamwita aliyefeli! Nadhani wanaotuma maneno hayo hawajui hata kwamba sheria za Ubelgiji zinailazimisha klabu kumlipa mwanasoka wa kulipwa asiye raia wa Umoja wa Ulaya kima cha chini kikubwa. Huku mgeni hachukuliwi kwa kubahatisha kwamba ni rahisi. Akisajiliwa, kuna mtu amekaa chini akapiga hesabu na kuona anamhitaji.

Wala sisemi nyumbani hakuna kitu. Mkataba wa haki za matangazo ambao TFF, shirikisho la soka la nyumbani, na televisheni ya Azam walisaini mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, umebadilisha ligi. Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba wakacheza ya 2025. Siku hizi Dar es Salaam ni ughaibuni kwa watu wengine. Chama aliiacha Zambia akaja kujijengea jina kwetu. Miquissone wa Msumbiji alitokea Simba akaenda Al Ahly ya Misri, Mayele wa Kongo alitoka Yanga akaenda Pyramids, ya Misri pia, na kutwaa nao Ligi ya Mabingwa Afrika 2025, Aziz Ki wa Burkina Faso akatoka Yanga kwenda Wydad ya Moroko. Kwa hawa, Bongo ilikuwa kile ambacho Lubumbashi ilikuwa kwa Samatta. Sifa hiyo ni yetu, na tujivunie.

Ila tazameni kinachofuata. Klabu kadhaa za Tanzania zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili kwa sababu ya madai ya wachezaji wa kigeni. Kanuni inasema klabu ikishindwa kulipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji akaidai kwa maandishi na kuipa siku 15, na isilipe, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki. Mgeni analijua hilo, au wakala wake analijua, na kesi yake inakwenda FIFA kwa kuwa ni ya kimataifa. Mzawa aliyekaa naye chumba kimoja kambini, aliyekosa mishahara ile ile, kesi yake ni ya ndani. Anaambiwa awe na subira, timu ni yetu sote, asituaibishe. Akilalamika hadharani, mashabiki wanamwita msaliti. Mgeni analipwa ili klabu ifunguliwe kusajili, mzawa anaendelea kusubiri. Hili linanikasirisha kuliko timu ya taifa kufungwa.

Halafu kijana huyo huyo akija mtu na suti akamwambia ana majaribio Ulaya, atoe fedha ya viza, unategemea afanye nini? Anauza hata kiwanja cha mama. Mwaka 2000 mchezaji wa zamani wa Kamerun, Jean-Claude Mbvoumin, alianzisha shirika la Foot Solidaire kule Ufaransa kwa sababu ya vijana wa Kiafrika walioletwa hivyo na kutelekezwa. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache sana, kwa hiyo anayekuahidi klabu ya Ulaya kwa mtoto wa miaka 15 anakudanganya, mwisho wa habari.

Ninachowaomba wenye mamlaka ya mpira nyumbani hakina gharama ya uwanja mpya. Mchezaji akisaini, apewe nakala yake siku hiyo hiyo. Matibabu yaandikwe ndani ya mkataba. Mzawa asiyelipwa asikilizwe kwa haraka ile ile anayosikilizwa Mkongo au Mghana. Na timu za watoto za mitaani zisaidiwe kujisajili, maana kocha mwenye watoto arobaini na mipira mitatu hana muda wa kuzunguka maofisini.

Dada yangu ana kijana anayetimiza miaka 12 mwaka huu, yuko kwenye timu moja ya mtaani Mbagala, na wanasema ana kasi. Nimemwambia dada asiniombe viatu kwanza. Aende na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, amuulize kocha jina limeandikwa wapi. Alipokwenda, kocha alijibu kwa uungwana, akasema timu haina usajili rasmi na hajui aanzie wapi. Nimempata kwa simu, tumekubaliana aanzie chama cha soka cha wilaya yao wiki ijayo. Viatu nitatuma pia.