Meli za Kaskazini, watumwa wa Kusini

Ikitajwa Katiba ya Marekani ya 1787, watu hukimbilia ile hesabu ya watumwa watano kuwa sawa na watu watatu. Wengi hudhani wenye watumwa ndio waliotaka kuwapunguza. Sivyo. Wajumbe wa South Carolina, jimbo la Kusini lenye watumwa wengi, walitaka wahesabiwe wote, maana idadi ya watu ndiyo iliyogawa viti vya Baraza la Wawakilishi. Mtumwa hakupiga kura, lakini kichwa chake kilimwongezea nguvu yule aliyemmiliki.

Linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni biashara iliyofanyika mwezi Agosti mle ukumbini Philadelphia, wajumbe walipokutana kuiandika Katiba hiyo. Kamati ilikuwa imependekeza kwamba Bunge lisiweze kuzuia uingizaji wa watumwa hadi 1800. Jenerali Pinckney wa South Carolina akataka mwaka usogezwe hadi 1808. Aliyemuunga mkono hakuwa mwenzake wa Kusini. Alikuwa Gorham wa Massachusetts, jimbo la Kaskazini! Ilipopigwa kura, New Hampshire, Massachusetts na Connecticut zikasimama na Kusini, ilhali Virginia, iliyojaa watumwa, ilikataa. Majimbo hayo matatu ya Kaskazini yalikuwa na meli. Yalitaka sheria za biashara ya baharini zipite kwa wingi wa kawaida wa kura, si theluthi mbili. Kusini wakalegeza hapo, Kaskazini wakalegeza kule.

Najua hoja ya kuwatetea: bila mwafaka, South Carolina na Georgia zingejitoa. Tishio hilo lilitamkwa kweli, na sitaki kulipuuza. Ila miaka minane ya ziada haikuokoa muungano wowote. Ilikuwa bei ya nauli za meli, na waliotozwa hawakuwa na mjumbe hata mmoja.

Nao walijua wanachofanya. Neno "mtumwa" hulioni popote katika Katiba ile. Wameandika "watu wengine wote", kana kwamba kalamu iliona haya. Madison, mjumbe wa Virginia, naye akiwa na watumwa wake, aliwaonya kwamba miaka 20 ingetosha kuleta madhara yote yaliyohofiwa.

Ikawa hivyo. Mwaka 1803 South Carolina ilifungua tena mlango wa kuingiza watumwa, na hadi ulipofungwa 1808, makumi ya maelfu ya Waafrika walikuwa wameshushwa Charleston, bandari ya jimbo hilo. Makumi ya meli zilizowaleta zilitoka Rhode Island, jimbo la Kaskazini.