Nauli ya kwenda kuona nyumba ya mtu

Jumamosi ni siku yangu ya kulala. Wiki nzima niko zamu ya usiku ghalani hapa Sheffield, Uingereza, nabeba maboksi, kwa hiyo Jumamosi mtu asiniguse. Lakini mama mkwe kaja kutoka Tanga, na mama mkwe huwezi kumkalisha akatazama ukuta. Mke wangu akasema, "Baba Salma, twende Chatsworth." Kuna nini huko? "Nyumba." Yaani nitoke kwenye nyumba ninayolipia kodi, nipande basi, nikate na tiketi, nikaone nyumba ya mtu! Ningekataa, lakini mbele ya mkwe unakataa kwa mdomo gani?

Tukafika. Ile si nyumba, ni mtaa mzima umeezekwa paa moja. Ni ya ukoo wa Duke wa Devonshire (Duke ni cheo kikubwa cha makabaila wa huku), vyumba zaidi ya 100. Mama mkwe akasimama mlangoni, kashika mtandio usichukuliwe na upepo, swali lake la kwanza: "Mwanangu, nani anafagia?"

Ndani, dari zimechorwa watu wanene wanaelea mawinguni, wengi wao hawana nguo, na mimi ubavuni kwangu ni mama mkwe. Vyumba vitatu mfululizo nilikuwa natazama viatu vyangu. Nilipothubutu kuinua macho tumo chumba cha muziki, naona fidla imetundikwa mlangoni. Nikajitia ujuzi: "Mama, fidla ya zamani hiyo, tazama nyuzi zake." Mke wangu akanifinya. Kumbe ni rangi tupu! Kaichora Jan van der Vaart, miaka 300 hivi iliyopita, na kivuli chake kaweka. Mama mkwe akanisitiri: "Macho ya zamu ya usiku hayo, baba."

Bustanini ndiko alikonimaliza. Kuna bomba linarusha maji juu, lilijengwa 1844. Duke wa sita alisikia mfalme wa Urusi, Nikolai wa Kwanza, huenda akamtembelea. Akamwita Joseph Paxton, mkuu wa bustani zake, likachimbwa ziwa juu kilimani, maji yateremke kwa uzito wake, bila pampu, yakifika chini yaruke. Yaliwahi kupanda karibu mita 90. Na mfalme hakufika. Mama mkwe akashika kifua kama msiba umemfika yeye. "Hata salamu hakutuma? Na ziwa limeshachimbwa!" Huyu mama aliwahi kupika pilau ya watu 40 wakaja 11, hilo jambo analielewa.

Tukavuka malisho ya kondoo kwenda kijijini. Kimeandikwa Edensor, wenyeji wanatamka Enza. Mimi kwenye basi nilikuwa namwambia dereva "E-den-so" kama naulizia dawa ya kikohozi. Duke huyo huyo aliona kijiji kinamharibia mandhari, miaka ya 1830 akaanza kukihamisha nyuma ya kilima. Nyumba mpya hakuna mbili zinazofanana. Kule kwa zamani ilibaki moja, peke yake. "Amehamisha watu kwa ajili ya macho tu?" akauliza mama mkwe. Nikakumbuka dirisha letu, linatazama mapipa ya taka ya jirani. Sikusema kitu, ningepewa kazi.

Makaburini alinyamaza, mara moja tu siku nzima. Yupo Kathleen Kennedy, dada yake Rais Kennedy wa Marekani, aliyeolewa katika ukoo huo wa Duke, akafa kwa ajali ya ndege 1948. Kaka mtu alikuja kumzuru Juni 1963. Novemba naye akauawa. Mama mkwe akarekebisha mtandio, midomo ikicheza.

Kisha mvua, halafu basi limeshapita. Tukakaa kituoni na chai ya chupa na chapati saba za mama mkwe. Sita zikaliwa. Nikanyoosha mkono kwenye ya saba, akafunika bakuli.

"Hiyo iache, baba. Huenda yule mfalme akatokea."