Anayeomba kraki afukuzwe au aelekezwe?

"Wakuu, nani ana kraki ya programu ya kuhariri video? Toleo la mwaka huu tafadhali."

Ujumbe wa namna hii, wa kuomba kraki, yaani faili linalovunja kufuli la programu ya kulipia ili itumike bure, huingia karibu kila chaneli ya sogoa inayohusu kompyuta, na mara nyingi aliyeuandika ndiyo kwanza amejiunga. Kinachofuata kinategemea msimamizi. Yupo anayefuta ujumbe na kumtoa mtu palepale bila neno, na yupo anayejifanya hajaona. Hapohapo hajakosekana mwanachama mwenye jibu fupi: "Njoo inboksi."

Ubishi kuhusu jambo hili huanzia pasipofaa, yaani kwenye swali la kama kutumia programu bila kulipia ni wizi au si wizi. Swali hilo ni la zamani. Februari 1976 Bill Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi, akilalamika kwamba wengi wao wanatumia BASIC, lugha ya kuandikia programu, ya kompyuta ya Altair, ambayo yeye na wenzake waliiandika, bila kuilipia. Mwaka 1998, akizungumza mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, Gates huyohuyo alisema kwamba maadamu watu wa China wataiba programu, basi afadhali waibe za Microsoft: watazizoea, na siku moja kampuni itapata namna ya kukusanya chake. Ikiwa mwenye mali mwenyewe ana kauli mbili, msimamizi anayejitolea hawezi kuumaliza mjadala huo kwa kitufe cha kufuta. Wala hana haja ya kuumaliza. Kazi yake ni ndogo zaidi: kuamua nini kifanyike ndani ya chaneli yake.

Wanaotetea mkono mwepesi wana hoja, na si haki kuwaweka wote kapu moja na wezi. Matangazo ya kazi hudai uzoefu wa programu ambayo mwanafunzi hawezi kuilipia, na uzoefu huo haupatikani kwa kusoma maelezo. Mwaka 2013 Adobe, kampuni ya programu za kuhariri picha na video, ilipoamua matoleo yake makubwa mapya yapatikane kwa malipo ya kujirudia tu, hata yule aliyekuwa tayari kujibana anunue mara moja na kutumia miaka mingi alifungiwa mlango. Kuna na programu ambazo waliozitengeneza wameshaacha kuziuza, huku mafaili ya watu yakibaki humo. Sheria nyingi hazibagui hapo: programu iliyotelekezwa bado ina mwenyewe. Marekani tangu 2018 imeruhusu maktaba na makumbusho kuvunja kufuli za programu zisizouzwa tena ili kuzihifadhi, lakini ruhusa hiyo haimhusu mtu anayetafuta kufungua faili lake la zamani usiku wa manane.

Upande wa pili hupenda kuanza na sheria. Kifungu cha 512 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani, kilichotokana na sheria ya DMCA ya 1998, kinaukinga mtandao dhidi ya makosa ya watumiaji wake, mradi uondoe kilicholalamikiwa na usifumbie macho uvunjaji ulio wazi. Kisha mwaka 2005, katika kesi ya Grokster, kampuni iliyosambaza programu ya kubadilishana mafaili, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwa kauli moja kwamba anayesambaza chombo huku akihamasisha watu wakitumie kuvunja hakimiliki anawajibika. Ni vigumu kumfikiria msimamizi wa chaneli ya kawaida akiburuzwa mahakamani kwa sababu ya swali la mgeni. Lakini sheria hizo ndizo zinazoifanya mitandao iwe na wasiwasi, na mtandao ukiingiwa na wasiwasi hauchambui ujumbe mmojammoja. Unafunga chaneli nzima, na majibu ya miaka mingi yanakwenda nayo. Mmoja amepata programu ya bure, mamia wamepoteza pa kuuliza.

Hoja hiyo inatosha kuhalalisha katazo. Mimi hata hivyo naona kuna nyingine inayoizidi uzito, nayo husemwa kwa nadra.

Litazame lile faili la inboksi. Kwa kawaida ni faili lililobanwa na kuwekewa nywila, na nywila yenyewe imeandikwa wazi pembeni: 1234. Haipo kwa ajili ya kulinda siri yoyote. Ipo ili antivirusi isiweze kuchungulia ndani. Ukifungua unakuta maelekezo: kwanza zima antivirusi, pili endesha programu kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, tatu usiruhusu masasisho. Yaani mtu anaombwa avue ulinzi wote kwa mikono yake, kwa ajili ya mgeni asiyemjua hata jina. STOP, ambacho pia huitwa Djvu, ni kirusi kinachofunga mafaili ya mtu na kudai fidia, na kimesambaa sana kupitia kraki na programu za kutengeneza funguo bandia. Si kila kraki ina kirusi, kweli. Ila hakuna aliyemo kwenye chaneli anayeweza kuthibitisha ipi inayo, na yanayoendelea inboksi msimamizi hayaoni.

Kwa hiyo aliyeomba na aliyejibu "njoo inboksi" hawastahili adhabu moja. Wa kwanza, mara nyingi, hajui taratibu. Wa pili anazijua vizuri, ndiyo maana amehama uwanjani. Chaneli nyingi hufanya kinyume: mwombaji anatolewa kwa kuwa ujumbe wake umeonekana, mgawaji anabaki kwa kuwa amenyamaza.

Kwa mwombaji, ningefuta ombi na kumuuliza swali moja: unataka kufanya nini? Anayetaka kukata na kuunganisha vipande vya video hahitaji kraki. Kdenlive ni ya bure, na DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa. Mwanafunzi wa uhandisi huenda hajui kwamba kampuni za programu kama Autodesk na JetBrains hutoa leseni za bure kwa wanafunzi. Tusidanganyane lakini: "tumia GIMP", programu ya bure ya kuhariri picha, si dawa ya kila kitu. Anayepokea mafaili ya Photoshop kutoka kwa mteja atayafungua kwenye GIMP na kukuta baadhi ya madoido ya tabaka hayapo au yamebadilika. Kumrushia jina la programu huria bila kusikiliza kazi yake ni kumfukuza kwa lugha ya adabu. Mwingine jibu lake la kweli ni kulipia mwezi mmoja wa kazi hiyo, basi.

Kazi hii boti, yaani programu inayochuja ujumbe yenyewe, haiiwezi. Ukiiagiza ifute kila ujumbe wenye neno "kraki", itafuta pia onyo la mtu aliyefungiwa mafaili yake, na wanaojua mchezo wataandika "kr4ki" na kuendelea. Ibaki kushika linki, basi.

Kuna na yule anayekiri kwamba toleo lake si halali, ila anauliza fomula ya jedwali. Baadhi ya chaneli humnyima msaada wowote. Naona ni kupitiliza, kwa sababu fomula ni ileile. Akisema programu inazima kila akihifadhi kazi, hapo ni haki kukataa: kraki hubadilisha mafaili ya programu yenyewe, na anayejitolea atapoteza saa nzima akitafuta hitilafu ambayo kwa wengine haipo.

Kesi inayowashinda wasimamizi wengi si ya mgeni kabisa. Ni ya mkongwe, yule anayejibu maswali ya watu kila siku kwa uvumilivu, kisha ikagundulika kwamba ndiye mwenye inboksi. Huyo hapewi tahadhari ya tatu na ya nne kwa heshima ya ukongwe wake. Linki yake ndiyo watu wanaifungua bila kusita, kwa kuwa wanamwamini. Atolewe, na sababu iandikwe wazi kwenye chaneli, ili waliokwisha kuipakua wajue wakague kompyuta zao.